Jasho Lina Mwenyewe?

Babangu mdogo ana kipimo chake cha chumvi. Ni ulimi. Ikifika saa tano, jua likianza kuuma, anaweka panga chini, anajipangusa uso, kisha analamba nyuma ya mkono wake, haraka, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Akionja chumvi kali kuliko ya jana, anaenda kukaa chini ya mti dakika kumi na kuomba maji. Akionja ile ya kawaida, anarudi kwa mstari wake. Amekata miwa upande wa Awendo, Kaunti ya Migori, tangu nikiwa darasa la pili, na sijawahi kumsikia akimweleza mtu hesabu hii. Mimi niliiona tu, kwa sababu likizo nyingi nilizimaliza nikimpelekea chakula shambani.

Mwaka jana nililipwa kuandika makala kuhusu mashine inayofanya kazi ya ulimi wake.

Mimi ni mwandishi wa kuokota kazi mtandaoni. Nina chumba kimoja Homa Bay, laptopu iliyokufa betri, na wateja ambao sijawahi kuona sura zao. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na tangu hapo naandika chochote: mapitio ya majiko ambayo sijapikia, ushauri wa ndoa ambayo sijafunga. Nalipwa kwa neno, kama vile babangu mdogo analipwa kwa tani. Mteja huyu alitaka maneno elfu moja na mia mbili kuwashawishi wenye mashamba na wajenzi wanunulie wafanyakazi wao kibandiko kinachovaliwa mkononi na kusoma chumvi za jasho. Niliandika vizuri, kusema kweli. Kuna sentensi moja niliyojivunia sana. Niliiandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii: msimamizi atajua kwamba mfanyakazi amefika mwisho wa nguvu kabla mfanyakazi mwenyewe hajajua.

Nililipwa siku iyo hiyo. Usiku sentensi ikakataa kuniacha nilale. Nilikuwa nimemwona nyapara wa babangu mdogo ndani yake, ameshika simu, anasoma mwili wa mtu aliyenisomesha.

Kwa hivyo nataka tuulizane, wewe na mimi, swali ambalo Kiswahili kimekuwa kikilizunguka kabla ya mashine hizi kuwepo. Tunasema mtu anakula jasho lake. Tunamlaumu anayekula jasho la mwenzake. Lakini hapo tulikuwa tukimaanisha kazi na malipo yake. Sasa jasho lenyewe, yale maji ya chumvi, limekuwa na habari ndani yake, na habari ina soko. Je, habari hiyo ni ya nani?

Kwanza tuelewe kitu chenyewe, maana ukiogopa usichokielewa utaogopa vibaya.

Chumvi ikiyeyuka majini inagawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni. Katika jasho kuna za sodiamu na kloraidi kwa wingi, za potasiamu kiasi, na nyingine kidogo kidogo. Kihisi kina elektrodi mbili ndogo. Moja imefunikwa utando mwembamba wenye molekuli zinazochagua ioni ya aina moja tu. Kwa potasiamu, molekuli inayotumika sana inaitwa valinomaisini, nayo hutengenezwa na bakteria. Ina shimo katikati linalomtosha potasiamu, na sodiamu akija hakai vizuri. Ni kama bawabu anayemjua mgeni mmoja tu. Elektrodi ya pili haibadiliki, iko pale ili kuwe na kitu cha kulinganisha. Tofauti ya umeme kati ya hizo mbili ndiyo inayosomwa. Hesabu yake ilitolewa na Mjerumani Walther Nernst mwishoni mwa karne ya 19: kwa ioni kama hizi, katika joto la nyuzi 25, kiwango kikiongezeka mara kumi umeme unabadilika kwa milivolti 59 hivi. Hakuna uchawi hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, wakiwemo Wei Gao na Ali Javey, walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyounganisha vihisi vya sodiamu, potasiamu, glukosi, lakteti na joto la ngozi katika ukanda mmoja wa kuvaa mkononi au kichwani, unaotuma majibu kwa simu bila waya. Tangu hapo vimefuata vingi.

Kuna jambo moja ninalolipenda hapa. Mashine ya kupima oksijeni, ile ya kubana kidole, inatumia mwanga, na mwanga unapita kwenye ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mashine hiyo ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kidole kilisema mtu yuko sawa huku damu yake ikisema hapana. Kihisi cha ioni hakiangalii rangi ya mtu. Kinaonja. Kwa hilo kinafanana na ulimi wa babangu mdogo kuliko kinavyofanana na jicho la mtu yeyote.

Na si yeye wa kwanza kuonja. Huko Ulaya ya zamani kulikuwa na onyo kuhusu mtoto ambaye ukimbusu paji la uso unaonja chumvi: hataishi sana. Wanawake walijua kwa midomo yao jambo ambalo madaktari walilifikia baadaye. Mwaka 1948 joto kali liliikumba New York, na watoto wenye ugonjwa unaoitwa sistiki faibrosisi wakawa wanazidiwa kuliko wengine. Daktari Paul di Sant'Agnese akafuatilia, akaonyesha mwaka 1953 kwamba jasho lao lina chumvi iliyopita kiasi. Mwaka 1959 Gibson na Cooke wakatoa njia salama ya kulitoa jasho kwa mkondo mdogo wa umeme, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba kusoma jasho ni uovu. Kuna watoto wako hai kwa sababu mtu alilisoma.

Sasa turudi shambani.

Mwaka juzi, Februari, wakati wa kiangazi, babangu mdogo alianguka. Hakuanguka kwa kishindo, wenzake wanasema alikaa chini kama anayetafuta kitu kilichompotea, kisha akalala. Walimtoa kwa bodaboda, mmoja akimshikilia nyuma. Hospitalini tukaambiwa wanataka kujua sodiamu na potasiamu yake na hali ya figo, lakini kemikali za mashine zimeisha. Damu ingepelekwa mji mwingine. Majibu yalikuja kesho yake jioni. Ile kesho yote mama mdogo alikaa kwenye benchi la nje akikunja na kukunjua leso. Mimi nilikuwa nikizunguka tu. Kama mtu angenijia saa ile na kibandiko mkononi angenikuta nimepiga magoti.

Alipona. Majibu yalipokuja tuliambiwa figo zimechoka kidogo, anywe maji, apunguze jua. Apunguze jua! Mwanamume anayelipwa kwa tani.

Hii habari ya figo na miwa si ya kwetu peke yetu. Kule Nikaragua na El Salvador, wakata miwa vijana, wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamekuwa wakifa kwa figo kwa miongo sasa. Chanzo chake bado kinabishaniwa, lakini joto pamoja na kazi nzito na kukaukiwa maji vinatajwa mbele kabisa. Na dawa iliyoleta nafuu pale ilipojaribiwa inashangaza kwa wepesi wake: maji, kivuli, mapumziko. Haihitaji betri wala simu.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kupata mifupa. Tukishajua kwamba mtu anayekata miwa juani kuanzia alfajiri anahitaji maji, kivuli na mapumziko, kihisi kinatuongezea nini? Mara nyingi tunasema "hatukujua" wakati ukweli ni kwamba hatukutaka kulipa. Mashine mpya inaweza kuwa njia ya kuahirisha lile tunalolijua. Tungoje data kwanza. Tungoje ripoti. Wakati huohuo tani zinaingia kwenye mizani.

Nilimweleza babangu mdogo kuhusu kibandiko. Nilienda Jumamosi, matatu ya Homa Bay hadi Rongo, kisha nyingine hadi Awendo, na nikamkuta amekaa nje ya nyumba akinoa panga. Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza swali moja.

"Wuoda, hiyo kitu ikiniambia nipumzike, ile tani nani atalipa?"

Nikanyamaza.

"Na ikimwambia nyapara?"

"Anaweza kukuambia upumzike, Baba."

"Ama aniambie nisirudi kesho."

Sijasoma falsafa hadi mwisho, niliacha katikati, lakini naona swali lake linapita mengi niliyofundishwa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inadai ridhaa. Vizuri. Lakini ridhaa ya nani, akiwa katika hali gani? Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu pale KICC, Nairobi, wakachungulia mpira wa chuma uliopiga picha mboni za macho yao, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo ya Worldcoin, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zifutwe. Waliopanga foleni hawakulazimishwa. Walikuwa na njaa. Mkataji miwa akiambiwa "vaa hiki ama kazi ipewe mwingine", atavaa, na ataweka sahihi. Sahihi yake itakuwa halali. Lakini utasema ameridhia?

Basi jibu jepesi ni kusema: jasho ni langu, habari zake ni zangu, asiniguse mtu. Nililipenda jibu hilo kwa wiki nzima. Kisha nikakumbuka kipindupindu.

Mwanzoni mwa 2015 kipindupindu kilikuwa Migori na Homa Bay, na mwaka huo kikasambaa kaunti nyingi. Kipindupindu ni ugonjwa wa ioni kama kuna ugonjwa wa ioni: maji na chumvi vinamtoka mtu hadi moyo unakosa cha kusukuma. Na dawa ya mdomo inayookoa wengi ni ioni zilezile zikirudishwa. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una sodiamu milimoli 75 kwa lita, pamoja na glukosi inayoivuta chumvi ipite ukuta wa utumbo. Mwili wa mgonjwa wa kipindupindu si siri yake peke yake. Jirani anayechota maji kisima kimoja naye anayo haki ya kujua. Mgonjwa akijificha, kijiji kinaumia. Kwa hivyo siwezi kusema habari za mwili wangu zinaishia kwenye ngozi yangu. Sisi watu wa ziwani tunakula sahani moja; ngozi si mpaka kiasi hicho.

Kama ni hivyo, tofauti ya jirani wa kisimani na nyapara wa shambani iko wapi? Wote wawili wanataka kujua kitu kuhusu mwili usio wao. Wote wanaweza kusema ni kwa faida yako. Nimelizungusha swali hili nikifua nguo, nikingoja stima irudi, nikisubiri wateja walipe, na nilipofika ni hapa: angalia nani anabeba mzigo namba ikiwa mbaya.

Mama anayembusu mtoto na kuonja chumvi, ndiye huyohuyo atakayeamka naye usiku. Di Sant'Agnese alipolisoma jasho la wale watoto, kazi iliyofuata ilikuwa yake: kuwatibu. Jirani akijua nina kipindupindu, atashika upande mmoja wa machela, na watu wake watachemsha maji. Lakini nyapara akiona namba mbaya na kunirudisha nyumbani bila malipo, yeye amepata habari na mimi nimepata hasara. Amesoma mwili wangu, na mwili ukabaki kwangu na deni lake lote.

Kanuni yangu basi ni fupi: anayetaka kuisoma namba akubali kubeba sehemu ya uzito wake. Mwajiri anataka kuona sodiamu ya mkataji? Sawa. Namba ikipita kiasi, saa ya kivuli iwe ya kulipwa, na iandikwe kwenye mkataba kabla kibandiko hakijagusa mkono. Na mwenye jasho aione namba yake wa kwanza, kwa lugha anayoisoma. Hataki kulipia kivuli? Basi asiombe kuchungulia. Ile sentensi yangu niliyojivunia ilivunja sehemu zote mbili. Ilimpa mwajiri habari kabla ya mwenyewe, na haikumdai chochote.

Najua kuna watakaosema: lakini wewe kijana, nyapara hamwamini mtu akisema amechoka, na namba angalau haibembelezi. Hoja hii nina heshima nayo. Mdomo wa maskini hauaminiki, na mara nyingine cheti cha mashine ndicho kinachomfungulia mlango. Kama babangu mdogo angekuwa na namba ya saa nne asubuhi ile, pengine angepumzika saa nne badala ya kuanguka saa saba. Lakini angalia tunalokubali tunaposema hivyo. Tunakubali kwamba neno la mtu kuhusu mwili wake halitoshi, hadi lithibitishwe na kitu kilichonunuliwa na tajiri wake. Na kitu hicho nacho hukosea. Jasho si damu. Sodiamu ya damu inakaa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, mwili unailinda kama roho. Ya jasho inaweza kuwa 10, inaweza kuwa 90, kutegemea mtu, joto na kasi ya kutoka. Mtu aliyezoea jua, mwili wake hujifunza kurudisha chumvi, jasho lake linakuwa jepesi. Namba moja inaweza kuwa hatari kwa mgeni na kawaida kwa mzoefu. Ulimi wa babangu mdogo unajua hilo, kwa sababu unalinganisha leo na jana ya mtu yuleyule. Kibandiko kinaweza kufundishwa hivyo pia, ila kitahitaji siku nyingi za mtu huyo, na tunarudi palepale: hizo siku zitahifadhiwa na nani?

Siogopi siku namba itakapokosea. Mashine zote hukosea na tunazirekebisha. Ninaogopa siku namba itasema "yuko sawa" na babangu mdogo aseme "siko sawa", na anayeaminiwa awe kibandiko. Ile mashine ya kidole ilishatuonyesha inavyokuwa.

Nilimwandikia mteja. Nikamwomba aongeze sentensi moja tu kwenye makala: kwamba mfanyakazi aone namba zake kwanza na mapumziko yalipwe. Alijibu kwa upole kwamba makala imeshachapishwa, na kwamba wasomaji wake ni wanunuzi. Hakukosea. Wanunuzi ndio wasomaji. Mkata miwa ndiye anayesomwa.

Nilimweleza babangu mdogo hayo pia. Akacheka kidogo, akajaribu makali ya panga kwa kidole gumba.

"Walikulipa ngapi?"

Nikamwambia. Kwa neno.

"Kwa neno?"

"Kwa neno, Baba."

"Basi na wewe unakata miwa," akasema. "Umekunywa maji leo?"

Sikuwa nimekunywa. Alimwita mama mdogo alete kikombe, na akangoja hadi nikamaliza ndipo akarudi kwa panga lake. Hakuhitaji kusoma chochote mkononi mwangu. Aliniangalia tu, akauliza, na maji yakaja kutoka kwake.